Wageni wawili, mbuzi moja na mjusi wa Lindi

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nilifika BER, uwanja wa ndege wa Berlin, saa nzima kabla ndege haijatua, khanga mabegani juu ya koti ili wasinipotee. Khanga haikuwa na kazi. Nesi alisikika kabla hajaonekana, kwa sauti ile ile anayopangia foleni kina mama wa kliniki, na nyuma yake Mwalimu akisukuma toroli lenye sanduku moja.

"Moja?" Ndilo neno la kwanza lililonitoka, badala ya karibuni.

La pili limebaki Istanbul. Lililofika ni la nguo, lililobaki ni la zawadi zangu: korosho, dagaa, majani ya chai, nazi mbili na mbuzi. Kwenye dirisha la mizigo iliyopotea niliulizwa mna nini ndani, na kwa kuchanganyikiwa na furaha, kidogo nitaje kwa Kijerumani mbuzi yule wa miguu minne. Nikajirudi, nikasema chombo cha jikoni, cha mbao. Dada akaandika, akatupa karatasi, akasema siku mbili au tatu.

Hawa ni shoga zangu tangu bwenini, kidato cha kwanza. Majina yao nawaachia wenyewe, hapa nitawaita kwa kazi zao. Mwalimu anafundisha historia Lindi. Nesi yuko zahanati, kwao Pangani. Nilipoondoka mwaka 2022 waliniahidi kwamba watanifuata, nami nikayachukulia kama maneno ya kuagana, yale ambayo hayadaiwi. Kumbe walianzisha kikoba cha watu wawili na hawakukosa mwezi. Halafu ukaja mlima wa visa: euro 90 kila mmoja, bima ya matibabu ya kuanzia euro 30,000, taarifa za benki, barua za mwajiri, barua yangu ya mwaliko. Nesi anadai alipoulizwa tutaaminije kwamba utarudi, alijibu, "Nina zamu Jumanne."

Tulipanda treni hadi Gesundbrunnen, tukatembea hadi hosteli. Chumba changu kina kitanda kimoja, meza moja na dirisha moja. Jiko ni la watu wanane. Niliona macho yao yakizunguka, kisha yakatua kwenye godoro nililoazima na kulisimamisha ukutani. Hakuna aliyesema kitu. Mwalimu akavua viatu, akaanza kutandika.

Saa tatu ya usiku Nesi alikuwa bado dirishani. "Shoga, hii saa tatu ni ya usiku au ya mchana?" Jua lilikuwa juu ya mapaa, manjano kabisa. Juni huku linazama saa tatu na nusu, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limesharudi. Saa zetu za Kiswahili zimepimwa kwa jua lisilochelewa kazini, huku zinapinda. Magharibi ileile aliyoizoea saa kumi na mbili na nusu sasa alilazimika kuisubiri kama basi la mkoani. Aliposwali akajitupa kitandani. Isha, alisema, Mungu atamsamehe akiamshwa baadaye.

Chakula cha kwanza cha wageni wangu kilikuwa mayai na mkate. Nilikuwa nimepanga kununua vitu kesho.

Jumapili, 15 Juni

Ile kesho ni Jumapili, na Jumapili Ujerumani maduka yanafungwa. Si kwamba yanachelewa kufungua, yanafungwa. Miaka mitatu naishi hapa na bado nimenaswa kama mgeni. Friji yangu ilikuwa na haradali, nusu kitunguu na maziwa.

Pa kukimbilia ni stesheni kuu, ambako maduka yana ruhusa kwa ajili ya wasafiri. Tulikuta nusu ya Berlin iko kule na vikapu, watu ambao hawasafiri kwenda popote. Mchele, kuku, nyanya, vitunguu, mafuta. Kwenye foleni Mwalimu alibadilisha kila bei kuwa shilingi, euro moja kwa elfu tatu, na kutangaza kama msoma matokeo ya mtihani. Tiketi ya treni, euro 3.80: "Elfu kumi na moja na mia nne! Kwa vituo vitano!" Nilimwomba aache. Alijaribu hadi tulipofika kwenye nyanya.

Kilichompendeza Nesi siku hiyo ni chupa. Nilimwonyesha ile mashine inayomeza chupa tupu ya plastiki na kukurudishia senti 25 ulizoacha uliponunua maji. Alirudia kwa chupa zetu zote tatu, akataka nyingine. Nikamweleza kwamba ndiyo maana watu huku hawatupi chupa ndani ya pipa, wanaisimamisha pembeni, ili anayepita kuokota asiingize mkono kwenye taka. Hapo hapo akapita mzee mmoja na toroli lake, suruali safi, miwani. Akachukua chupa mbili, akatuinamishia kichwa. Nesi alimsindikiza kwa macho hadi akapotea. "Mzee wa umri wa baba," akasema. Ile mashine haikumfurahisha tena.

Jumatatu, 16 Juni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Niliwaambia hivyo kwa mzaha asubuhi, nikawaachia funguo, nikasema naenda maktaba kwa ajili ya tasnifu.

Niliporudi jioni, jembe lilikuwa limeshalimwa. Sakafu ilinukia, mapazia yamefuliwa, viatu vimepangwa kwa ukubwa. Na juu ya meza Nesi alikuwa amepanga barua zangu zote zilizokuwa nyuma ya kabati, zile ambazo sikuzifungua, kwa tarehe. Ndivyo anavyopanga mafaili ya wagonjwa.

"Hizi saba zinatoka sehemu moja."

Zilikuwa za ada ya utangazaji, ile ya redio na televisheni. Euro 18.36 kila mwezi kwa kila makazi, uwe na redio usiwe nayo. Mimi sina. Nilijieleza kwamba siku moja nitawaandikia. "Kidonda hakiandikiwi," akasema, akanisogezea kalamu. Tukaandika pale pale, kamusi mkononi, barua ya kuomba kulipa kidogo kidogo.

Saa mbili usiku kengele ikalia. Dereva, na sanduku.

Mbuzi ilikuwa imefungwa katikati ya khanga nne kama kichanga. Mwalimu akaibeba moja kwa moja hadi jikoni, akapasua nazi kwenye ukingo wa sinki, akakalia, akaanza kukuna. Jiko la hosteli lilinyamaza. Mtu wa Chile alishika kijiko hewani. Ila kijana wa Kerala, India, jirani yangu wa mlango wa tatu ambaye kwa mwaka mzima tumesalimiana kwa vidole tu, alisogea, akachuchumaa, akauliza kama anaweza kujaribu. Kwao ipo. Bibi yake anayo hivi hivi, ya kukalia, meno mbele. Alikuna nazi ya pili yote peke yake bila kupumzika, na Nesi akampitisha papo hapo: "Huyu ameolewa." Tulikula wali wa nazi na dagaa watu sita, tukanyamaza saa nne kamili kwa sababu hiyo ndiyo saa ya kimya na ukuta wetu ni mwembamba. Nje bado kulikuwa na mwanga.

Jumanne, 17 Juni

Mwalimu alivaa gauni la kitenge lililopigwa pasi na kilemba, kama anayekwenda kwa wakwe. Hii ndiyo siku aliyoilipia kikoba.

Jumba la makumbusho ya viumbe liko Invalidenstraße, na ukumbi wa mijusi, yaani dinosaria, ndio wa kwanza, unaingia tu umo ndani. Nilikuwa tayari na simu kwa ajili ya picha. Hakutaka picha. Alitembea hadi chini ya ile shingo, akainua uso taratibu, akafuata mifupa kwa macho hadi kilemba kikalegea. Mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini. Halafu kwa sauti ndogo akasema:

"Shikamoo."

Nesi aliangua kicheko hadi mlinzi akageuka. "Ana miaka milioni 150," Mwalimu akajitetea, "nimwambie mambo?"

Kwa asiyejua: huyu ni mtu wa Lindi. Alichimbwa kilima cha Tendaguru kati ya 1909 na 1913, yeye na wenzake, zaidi ya tani 200 za mifupa, na kutoka pale hadi bandari ya Lindi haikuwepo reli wala gari. Ni vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa kwenda na kurudi, msafara juu ya msafara. Vitabu vinawataja sana Werner Janensch na Edwin Hennig, wataalamu waliotumwa kutoka hapa Berlin. Aliyesimamia wachimbaji kule shimoni ni Boheti bin Amrani, na Mwalimu humwandikisha jina hilo kila darasa lake ubaoni, herufi kubwa.

"Angalia mwaka," akatuambia. Alikuwa ameshasahau kwamba yuko Ulaya, alikuwa kidato cha pili B. "Maji Maji imezimwa 1907. Mashamba yamechomwa, watu wamekufa njaa. Miaka miwili baadaye anakuja mtu anatoa ujira kwa kubeba mawe. Nani angekataa? Babu mzaa baba alikuwa akisema baba yake alibeba. Hawakuambiwa ni mnyama. Walijua ni mawe ya Wajerumani."

Akasoma jina la kitaalamu kwenye kibao, Giraffatitan brancai, na nikamweleza kwamba hilo la mwisho linamtukuza Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi hapa. Akatikisa kichwa. Mtoto kalelewa ugenini, kapewa na jina la mlezi.

Tulikaa kwenye benchi zaidi ya saa moja. Wadogo zake Tendaguru walikuwa wamemzunguka, yule mwenye miiba mgongoni na wale wafupi wa shingo, ukoo mzima umehamia. Nilirudia mzaha wangu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu amekaa zaidi ya karne, badala ya jembe kapewa ukumbi. Nesi, aliyekuwa akitazama mlangoni, akanirekebisha. "Jembe analima. Hebu hesabu ile foleni ya tiketi."

Nyumbani kila baada ya muda mbunge wa kusini husimama bungeni kuuliza habari za mjusi: arudi, au Lindi ipate nini. Mimi huwa naona hoja ya arudi ni nyepesi, kwa sababu mifupa ya namna hii inataka jengo, hewa inayopimwa na fedha ya kila mwaka, na nimeona makumbusho yetu yanavyohangaika na paa tu. Nilisema hivyo. Mwalimu hakubishana nami kuhusu paa. "Mimi nataka mtoto wa kule Tendaguru amwone bila kupeleka taarifa ya benki ubalozini. Hilo jengo mtajua wenyewe, nyinyi mliosoma."

Tulipotoka alirudi ndani peke yake. Dakika tano. Hakusema alikwenda kufanya nini.

Jumatano, 18 Juni

Eneo la Wedding, kwenye ule mtaa wanaouita wa Kiafrika. Majina yalianza kubandikwa enzi za ukoloni, kujigamba kwa ramani, na hata kituo cha treni cha pale kinaitwa Afrikanische Straße. Nesi alipiga picha Sansibarstraße, akamtumia mwenzake wa kazini anayetoka Unguja: "Nimefika kwenu, mbona hamna hata mkarafuu." Usambarastraße aliipita kwa dharau. Haina mwinuko hata mmoja.

Kilichotuleta ni barabara iliyoitwa Petersallee. Jina hilo liliwekwa mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 halmashauri ikasema basi, tuhesabu kwamba ni ya Peters mwingine, Hans, aliyewapinga Wanazi. Jina halikubadilika hata herufi. Wanaharakati wa hapa, Waafrika na Wajerumani, hawakukubali mchezo huo, na Agosti 2024 barabara ikagawanywa: upande mmoja Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke shujaa wa Namibia, upande mwingine Maji-Maji-Allee.

Mwalimu alisimama chini ya kibao akasoma kwa sauti, akairudia. Maji-Maji-Allee. Vita vilianzia Umatumbi Julai 1905, pale Nandete watu walipong'oa pamba, na Kinjikitile Ngwale alikuwa Ngarambe, kote huko ni kusini kwetu. Makadirio ya baadhi ya wanahistoria yanafika watu 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuteketezwa. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha mbele ya wazao wa Songea Mbano. Darasani, Mwalimu anasema, swali la wanafunzi baada ya habari ile lilikuwa moja: kwa nini kule Songea tu, na Kilwa?

Bibi mmoja mwenye mbwa alituuliza kama tumepotea. Nikamwambia hapana, rafiki yangu anatoka vita hii ilipoanzia. Akatazama kibao, akamtazama Mwalimu, akasema ameishi pale miaka arobaini na alidhani jina jipya ni la mtu. Basi Mwalimu akamfundisha, mimi nikitafsiri, mbwa akilala miguuni petu. Jamani, kutafsiri neno "maji" ni rahisi. Kutafsiri kwamba mtu aliamini yatageuza risasi, na kwamba hakuwa mjinga, kulichukua robo saa. Niliishiwa Kijerumani mara mbili.

Alhamisi, 19 Juni

Siku niliyokuwa naiogopa, bila kujua itakuja kwa njia ya tiketi.

Niliwaambia tena naenda maktaba. Wao wakasema watakwenda Alexanderplatz kutafuta viatu vya watoto, njia ni moja tu, treni ya U8, wanajua. Wakanunua tiketi mashinani, sawasawa. Lakini siku zote hizo ndiye mimi niliyekuwa nachukua tiketi zao na kuzigonga kwenye kile kisanduku cha pembeni, wao wakiongea. Tiketi isiyogongwa mhuri ni sawa na hakuna tiketi. Huku hakuna geti wala kondakta. Kuna vijana wawili wenye nguo za kawaida wanaosimama ghafla katikati ya behewa. Faini euro 60 kila mmoja. Nesi aliwaonyesha risiti, sura ya huruma na tasbihi, haikusaidia. Waliteremshwa Rosenthaler Platz, wakaandikiwa karatasi, wakaachwa.

Walinipigia, sikupokea. Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya moto.

Ukweli ni huu. Ufadhili wangu ulikuwa wa miaka miwili na uliisha Septemba iliyopita, tasnifu haijaisha. Tangu hapo naosha vyombo kwenye mgahawa karibu na Rosenthaler Platz, siku tatu za juma. Si kosa la sheria: mwanafunzi wa kutoka nje anaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka, au 280 za nusu, na kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Ni kosa la mdomo wangu. Nyumbani nimesema niko chuoni, nasaidia profesa.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa na mpishi, akasema kuna wanawake wawili wanataja jina langu. Walikuwa wamesimama kwenye makreti ya chupa, Mwalimu ameshika zile karatasi za faini kama matokeo ya maabara. Mimi nina aproni ya mpira hadi magotini na povu kwenye kiwiko.

Nilianza kusema kitu kuhusu siku moja moja, kumsaidia rafiki.

"Ratiba yako ya zamu iko mlangoni mwa kabati," Nesi akasema. "Tumeiona Jumatatu. Malizia, tunakusubiri."

Wakakaa kwenye makreti. Mpishi akawapelekea supu. Saa mbili nzima niliosha sahani nikiwasikia nje wakibishana kuhusu viatu ambavyo hawakununua, na nilikuwa nashukuru kwamba mvuke wa mashine unafanya kila uso uwe na maji.

Nilipotoka niliwapitisha Brunnenstraße. Nina njia fupi zaidi ya kwenda nyumbani, lakini kwa miezi tisa nimekuwa nikipita hii. Mbele ya nyumba namba 193 kuna kijiwe cha shaba cha kumbukumbu kilichozamishwa kwenye njia ya miguu, ukubwa wa kiganja. Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Huku alijiita Bayume Mohamed Husen. Alikuwa askari mtoto katika vita vya kwanza, akaja Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ya baba yake na yake ambayo jeshi la Wajerumani halikuwalipa. Akanyimwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu kama mtumishi na askari. Wanazi walimkamata 1941, akafa kambini Sachsenhausen Novemba 1944.

Mwalimu alichutama, akatoa leso, akafuta vumbi. Nesi akasoma dua. Watu walitupita kwa baiskeli.

"Mhudumu na mwalimu wa Kiswahili," Nesi akasema tulipoondoka. "Hiyo ni kazi mbili. Wewe moja tu inakutoa machozi?"

Ijumaa, 20 Juni

Zamu ya Nesi kuchagua, na alichagua mtu wa kazi yake.

Neukölln kuna mtaa uliokuwa ukiitwa Wissmannstraße. Hermann von Wissmann ndiye aliyeletwa mwaka 1889 kuvunja upinzani wa pwani uliowaka chini ya Abushiri bin Salim, na Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Yaani mjini kwao Nesi, na watoto wa Pangani hukua wakionyeshwa mambo hayo. Hata Dar es Salaam zamani lilisimama sanamu la Wissmann. Mwaka 2021 jina lake lilitolewa Neukölln, na mtaa sasa unaitwa Lucy-Lameck-Straße.

Mwalimu alianza: mzaliwa wa Moshi, mwanamke wa kwanza kuingia serikalini kama naibu waziri, alisoma Oxford. Nesi akamkata. "Kabla ya yote hayo alisomea unesi. Anza na hapo." Akaomba picha nane chini ya kibao, moja ikiwa na kitambulisho chake cha zahanati alichokibeba kutoka nyumbani kwa kusudi hilo.

Tukakatiza bustani ya Hasenheide hadi msikiti wa Şehitlik, Columbiadamm, kwa ajili ya Ijumaa. Mwalimu alipumzika uani penye makaburi ya zamani ya Waturuki. Baada ya swala Nesi alitoka na mfuko wa tende na mwaliko wa harusi, sijui kwa lugha gani. Halafu Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008, na wenyeji wakapiga kura 2014 usijengwe nyumba. Tulitembea katikati ya njia ya kurukia, watatu tumeshikana mikono, upepo unavuta khanga. Mwalimu alipunga mikono kama rubani. Nikawaambia hapa ndipo nilipokuwa nakuja kulia mwaka wa kwanza kwa sababu ni pakubwa, hakuna anayekusikia. "Na mwaka wa pili?" Nesi akauliza. Mwaka wa pili nilikuwa na tasnifu, sikuwa na nafasi.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ndefu kuliko zote za mwaka, na Berlin huifanya ya muziki: kila kona bendi, bila kiingilio. Miguu yangu ilikataa. Wao walitoka na yule kijana wa Kerala, wakarudi saa sita usiku. Viatu vya watoto vimepatikana. Tiketi, walinionyesha kabla hawajavua viatu, zote zimegongwa.

Jumapili, 22 Juni

Maduka yamefungwa, lakini safari hii friji ilikuwa imejaa tangu jana. Wao ndio walioijaza.

Faini tulilipa nusu kwa nusu baada ya ugomvi mkubwa. Mbuzi inabaki. Khanga mbili zinabaki. Sanduku lililotoka na korosho linarudi na chokoleti, chupa ya plastiki ambayo Nesi hataki kuelezea, na jiwe dogo ambalo Mwalimu aliokota kwenye kokoto za Maji-Maji-Allee. Kule BER, kwenye mstari wa mwisho ambao asiye na tiketi havuki, Mwalimu alinishika bega: "Msalimie mjusi." Nesi hakuniaga. Alisema tu, "Barua zikija, fungua," na akageuka haraka.

Nilikuwa kwenye treni ya kurudi simu ilipolia. Mama. Wageni hata hawajaruka angani na yeye ameshapata ripoti kamili, ujumbe wa sauti wa Nesi wa dakika sita, aliourekodi kwenye foleni ya ukaguzi.

"Naambiwa uko vizuri sana, mwanangu. Naambiwa una jiko kubwa."

Nje ya dirisha kulikuwa bado mchana, saa mbili ya usiku.

"Ndiyo, mama. Kubwa."

"Na friji mbili."

"Mbili, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. "Na huyo kijana anayekuna nazi, ni wa wapi?"